Hitilafu ya Tkinter: jua ni ya nani kabla ya kuiripoti

Tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha, haichori dirisha yenyewe. Hupokea amri zako za Python na kuzikabidhi kwa Tcl/Tk (lugha ya Tcl na maktaba yake ya Tk), na Tk ndiyo inayochora vitufe, menyu na visanduku. Kwa hiyo kitu kikienda kombo, kosa laweza kuwa kwenye msimbo wako, ndani ya Tkinter, au ndani ya Tk, na kila moja ina wenyewe.

Anza na msimbo wako. Picha ya `PhotoImage` ikitoweka na kuacha nafasi tupu, huenda uliiunda ndani ya fanksheni, na fanksheni ilipokwisha Python ikaifuta kwa kuwa hakuna kilichoishikilia; andika `lebo.picha = picha`, ambapo `lebo` ni wijeti (kipande cha dirisha) inayoonyesha picha hiyo. Dirisha likiganda, tafuta `time.sleep` au kazi ndefu inayoendeshwa kitufe kinapobonyezwa. `command=hifadhi()` huita fanksheni papo hapo, kabla ya mtu kubonyeza chochote; ondoa mabano.

Endesha programu kwenye terminali, usitumie IDLE, kihariri kinachokuja na Python. IDLE nayo imejengwa kwa Tkinter, hivyo programu iliyosahau `mainloop()`, amri inayoliweka dirisha hai, yaweza kuonekana nzima humo. Kwenye Windows, faili la `.pyw` halina terminali, na ujumbe wa kosa hupotea.

Sasa punguza. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapafai haraka. Ondoa hifadhidata, klasi, mafaili ya picha na maktaba za nje, kimoja kimoja, ukiendesha upya kila mara. Hitilafu ikitoweka, ulichoondoa mwisho kinahusika: kirudishe, uendelee na vingine. Lenga mistari 10 hadi 20 ambayo mtu mwingine anaweza kuinakili na kuiendesha bila kusakinisha kitu:

```
import tkinter as tk
root = tk.Tk()
e = tk.Entry(root, width=20)
e.pack()
root.mainloop()
```

Kisha andika hayo hayo kwa Tcl katika programu ya `wish`:

```
entry .e -width 20
pack .e
```

Hitilafu ikitokea na huku, ni ya Tk: ipeleke core.tcl-lang.org/tk. Ikitokea kwenye Python tu, ipeleke github.com/python/cpython/issues. Hakikisha `wish` inatumia toleo lile lile la Tk, la sivyo ulinganisho hauna maana. Amri ya `info patchlevel` itakuonyesha.

Namba ya toleo iwe kamili. `tkinter.TkVersion` hutoa, kwa mfano, 8.6 tu, na kati ya 8.6.8 na 8.6.13 mengi yalirekebishwa. Tumia `root.tk.call("info", "patchlevel")`. Ongeza toleo la Python, mfumo endeshi, na jibu la `root.tk.call("tk", "windowingsystem")`: `win32`, `aqua` au `x11`. Kwenye Linux taja pia kama unatumia Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha unaochukua nafasi ya X11), maana Tk 8.6 itajibu `x11` hata huko.

Programu ikizimika ghafla bila ujumbe, iendeshe kwa `python -X faulthandler programu.py` na uambatishe kinachochapishwa.

Tafuta kwanza jina la wijeti kati ya ripoti zilizo wazi na zilizofungwa. Ripoti yenyewe iandike kwa Kiingereza: ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea. Ujumbe wa kosa ubandike wote kama maandishi. Picha ya skrini iweke pale tu mchoro wenyewe ulipoharibika. Ukiombwa kujaribu toleo jipya zaidi, jibu kwa matokeo pamoja na namba ya toleo hilo.