Somo: Kuziokoa picha za kambini kabla majina hayajapotea

Somo hili linatuhusu sisi tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria kabla utaratibu huo haujasitishwa mwaka 1994, ambao picha zetu za kambini ni za karatasi na zimo katika albamu, katika bahasha za kaki au nyuma ya kioo ukutani. Vijana waliojiunga tangu utaratibu uliporejeshwa mwaka 2013 wana picha zao kwenye simu, na shida zao ni za namna nyingine.

Ninayo picha moja ya wakati nilipokuwa kambi ya Mafinga, ya mwaka 1986. Makuruta watano wenye vipara tumesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi, katika mji ambao mnazi usingestahimili baridi yake hata wiki moja. Kila mmoja amevaa kombati inayompwaya, na wa pili kutoka kushoto ameinua mestini, chombo cha bati cha kulia chakula, kana kwamba ni kombe la ubingwa. Nyuma imeandikwa kwa penseli: "Kombania B, siku ya pasi," yaani kikosi chetu, siku ya ruhusa ya kutoka kambini. Majina hayapo, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyedhani kwamba tungeweza kusahauliana. Leo nakumbuka matatu, bila kuhesabu langu. La yule mwenye mestini nimelitafuta kwa miaka mingi. Ndiyo sababu katika somo hili majina yanatangulia skana.

Hatua ya kwanza ni kuketi na picha pamoja na mtu mliyekuwa naye kambini. Usianze kwa kumuuliza "huyu ni nani?", maana swali hilo humfanya mtu ajione yuko kwenye mtihani, akakata tamaa mapema. Muulize mlilala hanga (bweni) gani, nani alianzisha nyimbo za mchakamchaka, nani alipewa doso (adhabu) ya kufyeka kwa kuchelewa gwaride. Mara nyingi jina hujitokeza lenyewe katikati ya kisa, na kwa hiyo ni vyema simu iwe inarekodi sauti wakati wote wa mazungumzo. Kisha chukua karatasi nyeupe, chora duara dogo kwa kila kichwa kilichomo pichani, uyape maduara namba, na chini yake uorodheshe majina. Jina lenye shaka liwekee alama ya kuuliza. Ni afadhali shaka iliyoandikwa kuliko uhakika wa uongo utakaorithiwa na wajukuu.

Hatua ya pili ni kuandika nyuma ya picha yenyewe. Tumia penseli laini, andika pembeni, na picha iwe imelala juu ya meza ngumu. Kalamu ya wino hukandamiza karatasi hadi maandishi yakaonekana usoni pa picha, na wino wake huweza kuhamia kwenye picha inayofuata. Karatasi za picha za rangi zenye utando wa plastiki hazishiki penseli. Hizo ziweke kila moja katika bahasha yake, na uandike kwenye bahasha kabla ya kuiingiza picha.

Hatua ya tatu, kuitoa picha kwenye albamu, ndiyo iliyonigharimu. Zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu yake hushika picha kadiri miaka inavyokwenda. Nilivuta picha moja kwa kucha, na nusu ya uso wa rafiki yangu ikabaki kwenye ukurasa. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama anayekata sabuni. Ikigoma, iache hapo hapo uinakili ilivyo. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue kabisa. Inakili kupitia kioo.

Hatua ya nne ni kunakili. Skana iwekwe kwenye nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa takriban pikseli 2,400 kwa 3,600, zinazotosha kuukuza uso mmoja mmoja. Asiye na skana atumie simu karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja na bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Nakili na upande wa nyuma pia, kwa sababu mhuri wa studio ni ushahidi.

Hatua ya tano ni kulipa faili jina linaloeleweka, kwa mfano "Mafinga-1986-KombaniaB", na kuhifadhi nakala mahali pawili. Unapotuma kwa WhatsApp, itume kama faili na si kama picha, maana ikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

Swali: Picha zangu za rangi zimegeuka nyekundu ilhali zilikuwa kabatini, gizani. Kwa nini zile za zamani zaidi, zisizo na rangi, bado ni nzima?

Jibu: Picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, ambazo hudumu. Ya rangi ina rangi tatu za kemikali, na katika karatasi nyingi za miaka ile rangi ya samawati ndiyo hufifia kwanza, hata gizani, ikabaki nyekundu na njano. Joto na unyevu huharakisha. Inakili sasa, kisha urekebishe rangi kwenye nakala ya pili, si kwenye ile ya kwanza.

Swali: Shikamoo mzee. Baba ana picha akiwa na bunduki, na nyuma yake panaonekana ghala la kambi. Naweza kuirusha mtandaoni?

Jibu: Marahaba. Kambi ni eneo la jeshi, na picha ya namna hiyo ibaki ndani ya familia. Ile ya studio ni suala la watu waliomo: waulize walio hai kabla ya kuitoa nje ya kundi letu.

Swali: Marehemu mume wangu alikuwa kambi ya Oljoro. Simfahamu mtu mwingine yeyote pichani. Nianzie wapi?

Jibu: Pole, mama. Anzia nyuma ya picha, utafute kombania au jina la operesheni, kwani kila kundi lilipewa lake. Ikiwa picha ni ya mraba yenye pambizo nyeupe, huenda ilitokana na filamu ya 120, iliyotoa picha 12 za mraba, kwa hiyo ulizia kama wenzake walibaki na nyingine za siku ile ile. Usiikate ili abaki yeye peke yake. Tuma pande zote mbili hapa. Waliopita Oljoro tunao humu.