Kumuuguza mwenye MND kwa msaada wa simu: ya kupima, ya kurekodi na ya kusema

MND ni ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli. Huanzia mkononi, mguuni au kwenye ulimi, na mwishowe hufika kwenye misuli ya kupumua. Kadiri mgonjwa anavyodhoofika ndivyo safari ya kliniki inavyomchosha, na ndivyo anavyozidi kuihitaji. Kwa sababu hiyo watafiti wa Sheffield, Uingereza, walitengeneza mfumo unaoitwa TiM: mgonjwa hujibu maswali kwenye tableti akiwa nyumbani, anayemuuguza hujibu ya kwake, na muuguzi wa kliniki huona hali inakoelekea. Familia isiyo na mfumo kama huo inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa daftari, mizani, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na simu yenye WhatsApp.

Uchunguzi wa kwanza haufanywi kwa simu. Mkishaonana na daktari wa neva ana kwa ana, msiondoke kabla ya kujua namba ya kupiga, nani huipokea na saa ngapi, na hospitali ya kukimbilia usiku.

Uzito na pumzi, kila wiki

Mpimeni uzito siku ileile, asubuhi, akiwa na nguo nyepesi. Asiyeweza kusimama huwa anaachwa bila kupimwa miezi mingi, na hilo ni kosa kubwa. Tafuteni mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia. Wekeni kiti juu yake, mkalisheni huku watu wawili wamemshika mpaka atulie, waachie kidogo msome, kisha toeni uzito wa kiti. Aliyekuwa na kilo 60 akipungua 3, hiyo ni asilimia 5: mwambieni daktari wiki hiyohiyo. Akipungua 6, msisubiri miadi. Mrija wa kulishia tumboni ni salama zaidi kuwekwa pumzi ikiwa bado na nguvu, kwa hiyo mazungumzo yake yaanze mapema.

Kuhusu pumzi, ulizeni na muandike: anaamka na maumivu ya kichwa? Anashtuka usiku? Mito anayolalia imeongezeka kutoka mmoja hadi mitatu? Anasinzia mchana? Kama matamshi yake bado ni mazuri, avute pumzi ndefu ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, mwendo uleule kila wiki. Namba ikishuka wiki hadi wiki, iripotini.

Kipimo cha kidoleni kinataka kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha wala hina nyeusi, kilichotulia dakika nzima. Asilimia 94 au chini, kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine wa mapafu, ni ya kuripoti siku hiyohiyo. Lakini namba nzuri isiwatulize. Kwa ngozi nyeusi kipimo hiki huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, na katika MND hewa chafu ya kaboni hujikusanya usiku kabla oksijeni haijashuka mchana. Ndiyo sababu maumivu ya kichwa ya asubuhi yana uzito kuliko namba. Msimwekee mtungi wa oksijeni bila agizo la daktari: unaweza kuzidisha kaboni hiyo. Mara nyingi anachohitaji ni mashine ya barakoa inayosukuma hewa.

Siku ya simu ya video

Chagueni saa ambayo mgonjwa amepumzika, kwa kawaida asubuhi. Mwanga uwe mbele yake. Dirisha likiwa nyuma, daktari ataona kivuli tu. Simu isimamishwe juu ya kitu imara usawa wa macho, mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima. Kucheza kwa misuli chini ya ngozi hupotea kwenye video ya moja kwa moja, hasa mtandao ukisuasua. Rekodini kabla, sekunde 30, ngozi wazi, mwanga wa ubavuni, na mtume kama faili, si kama video ya kawaida, ili WhatsApp isipunguze ubora. Fanyeni hivyohivyo kwa mlo: akiwa ameketi wima, akila chakula anachokula kila siku. Msimjaribishe kitu kigumu ili tu kionekane kwenye kamera.

Sauti dhaifu humezwa na kelele, kwa hiyo maikrofoni ya waya iwe karibu na mdomo na wengine wanyamaze. Msimjibie. Kubalianeni mapema ishara ya ndiyo na hapana, hata kwa kope. Kipimo cha ALSFRS-R cha jinsi mgonjwa anavyomudu shughuli za kila siku, maswali 12 yenye jumla ya alama 48, kinaweza kuulizwa chote kwa simu.

Anayetumia riluzole, dawa ya MND, miligramu 50 mara mbili kwa siku, anahitaji kupima ini kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo. Damu itolewe maabara ya karibu, picha ya majibu itumwe kliniki.

Dakika kumi za anayeuguza

Ombeni sehemu ya simu ambayo mke, mume au binti anaongea na muuguzi akiwa peke yake. Mbele ya mgonjwa hatasema kwamba halali, mgongo unamuuma kwa kumnyanyua, au anaogopa mgonjwa atapaliwa usiku. Mgonjwa naye apewe faragha yake, hasa anapoulizwa kama anataka mrija au mashine. Video zake zisizunguke kwenye kundi la ukoo bila ridhaa yake.

Kabla ya kukata, msomeeni daktari yale mliyoandika ili arekebishe. Midomo ikigeuka bluu, akichanganyikiwa, au akiwa mgumu kuamka, acheni simu ya video. Mpelekeni hospitali na lile daftari.