Kukagua Jaguar XJ6 ya zamani kabla ya kutoa pesa, hapa Mombasa

Muuzaji wa XJ6 hukufungulia boneti kwanza, kwa sababu anajua injini yake inapendeza: kava mbili za aluminiamu zinazong'aa na silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Itazame, isifie, kisha teremka chini ukaangalie vizingiti vya milango. Injini hii inafanyiwa ovahoo na fundi yeyote mwangalifu, na vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza. Bodi iliyoliwa na chumvi haina ovahoo, na kuna magari mengi mjini yaliyolala miaka Kizingo au Nyali, mita chache kutoka majini.

XJ6 ilitoka mwaka 1968. Series 1 iliendelea hadi 1973, Series 2 hadi 1979, na Series 3, yenye paa lililochorwa upya na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kusanifu magari, ikafuata. Daimler Sovereign ya miaka hiyo ni gari lile lile lenye grili ya mikunjo, kwa hiyo maelezo haya yanaihusu pia.

Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari mapema asiliwashe. Ukifika ukakuta boneti ina joto, ahirisha. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha nusu ya maradhi yake. Gari lisiwe limetoka kuoshwa, maana rangi yenye maji huonekana nzuri. Beba tochi, sumaku ndogo, bisibisi butu, jeki ya gereji na stendi nne, kipima kompresheni (mgandamizo wa silinda), geji ya presha ya oili ya kufunga na kipima voltiji. Vaa ovaroli. Utalala chini.

Bodi

Anza na sumaku. Ifunge kwa karatasi isikwaruze rangi, kisha ipitishe kwenye vizingiti, sehemu za chini za milango, ukingo wa madigadi ya nyuma na nyuma ya gurudumu la mbele. Ikinata vizuri sehemu moja na kudondoka sentimita kumi mbele, hapo pana fila, ile lipu ya kuzibia bati, na chini ya fila kwa kawaida kuna tundu. Fila kidogo kwenye gari la miaka hamsini si dhambi. Fila kwenye kizingiti ni jambo jingine, kwa sababu XJ6 haina chasi iliyotengana na bodi. Kizingiti ndicho kinachobeba gari. Fungua mlango wa nyuma wakati gari liko kwenye jeki. Ukigoma kufungwa au ukisugua nguzo, bodi inapinda.

Tazama pia ukingo wa taa za mbele, ile boriti ya chuma inayobeba rejeta chini kabisa, na fremu ya kioo cha mbele na cha nyuma. Kwenye Series 3 kutu ya fremu ya kioo huanzia chini ya raba, na unachokiona ni malengelenge madogo ya rangi tu. Lengelenge la ukubwa wa shilingi nje linaweza kuwa na upana wa kiganja ndani.

Sasa nenda kwenye matanki. Gari hili lina mawili, moja ndani ya kila digadi ya nyuma, na kila moja lina kifuniko chake cha kromu juu. Inua kifuniko. Kuzunguka mdomo wa tanki kuna kibakuli kidogo, na ndani ya kibakuli kuna tundu la kutoa maji ya mvua, linaloteremka kwa bomba jembamba hadi chini ya gari. Vumbi, majani na utomvu wa mti uliokuwa juu ya gari huliziba. Likiziba, mvua ya Mei hujaa kwenye kibakuli na kuingia tankini au kuloweka chuma cha digadi, na tanki huoza kuanzia chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Mimina nusu glasi ya maji taratibu kwenye kibakuli huku mdomo wa tanki umefungwa. Maji yanapaswa kudondoka chini ndani ya sekunde chache. Yakikaa, fungua buti, vuta kitambaa cha pembeni na unuse. Harufu ya petroli pamoja na doa la kahawia maana yake ni tanki jipya, na kulitoa kunahitaji kufungua bumpa na mabomba, si kazi ya saa moja. Rudia upande wa pili. Baadaye, injini ikishawashwa, bonyeza swichi ya dashibodi inayobadilisha tanki na uhakikishe injini inaendelea kunguruma kwa kila upande; wauzaji wengi hutumia tanki moja miaka na miaka kwa sababu la pili limekufa.

Chini ya gari

Weka gari kwenye stendi, kamwe usitegemee jeki peke yake. Mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, tafuta mkono mrefu wa chuma unaotoka kwenye gurudumu na kufungwa kwenye sakafu kwa kikombe chenye bushi ya raba. Choma choma kuzunguka kikombe hicho kwa bisibisi. Chuma kikilia kavu, endelea. Kikitoa sauti ya kadibodi au bisibisi ikizama, simama hapo hapo: mkono huo ndio unaozuia ekseli isiende mbele na nyuma, na ukichomoka njiani gari linajiendesha kwa nyuma. Kuchomelea sehemu hii vizuri kunawezekana, lakini lazima vitolewe vitu vingi kwanza. Kipande cha bati kilichobandikwa juu ya kutu hakihesabiki.

Nyuma kabisa, difu, yaani gea zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, imekaa ndani ya kizimba cha chuma, na breki za diski ziko ndani, pembeni ya difu, si kwenye magurudumu. Ni ubunifu mzuri kwa mwendo na mateso kwa fundi. Joto la breki hukaanga oili sili za difu, oili hutoka na kudondokea diski, breki ya nyuma hupotea huku ya mbele ikificha kasoro. Mulika kwa tochi: diski zinapaswa kuwa kavu na kung'aa. Zikiwa nyeusi na zina unyevu, weka kwenye bei kazi ya kushusha kizimba kizima. Hiyo hiyo ndiyo kazi ya kubadilisha diski zilizolika. Handibreki ina kalipa zake ndogo tofauti, na hapa pwani hushikwa na kutu kwa kutotumika. Ivute, kisha ujaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Kizimba kinaning'inia kwenye raba nne. Oili huziyeyusha, na chuma hujitenga na raba. Ukihamisha gea kutoka D kwenda R ukasikia kishindo kizito nyuma, shuku raba hizo kabla ya kulaumu gea boksi. Shokamzoba za nyuma ni nne, mbili kila upande. Usishangae fundi akikutajia bei mara mbili.

Gari linalovuka Likoni kila siku lichunguzwe ekzosi na chini ya mbele. Ni gari la chini, na mteremko wa kupanda feri hulisugua, achilia mbali maji ya chumvi yanayorushwa kwenye mabati.

Injini ikiwa baridi

Fungua kifuniko cha maji na uchovye kidole. Maji yawe na rangi ya kulanti, ile dawa ya rejeta. Wengi husema Mombasa hakuna barafu, kulanti ya nini? Kulanti ndiyo inayozuia kutu, na injini hii ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Maji matupu huila hedi. Maji ya kisima cha kisiwani, yenye chumvi, huila upesi zaidi. Maji ya rangi ya chai ya maziwa ni oili iliyochanganyika. Maji ya kahawia ni kutu, na bloku ya injini ya lita 4.2 ikijaa matope silinda za nyuma hukosa maji, na hapo ndipo nyufa baina ya silinda huanza. Stadi, zile bolti ndefu za kufunga hedi, hupita ndani ya maji hayo hayo, zikishikwa na kutu hukatika wakati wa kufungua, na hedi yenyewe huwa ngumu kuitoa.

Washa. Sauti nyepesi ya valvu ni kawaida. Mlio wa cheni mbele ni habari mbili: cheni ya juu inakazwa kwa nje, ya chini inataka kufunguliwa mbele yote ya injini. Dakika chache baada ya kuwasha, minya bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu wakati injini bado ni vuguvugu, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hakikisha kwa kile kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: yakigeuka manjano, gasketi ya hedi au bloku imeharibika.

Kuhusu injini ya lita 2.8 ya Series 1, sema na nafsi yako. Pistoni zake zilijulikana kutoboka: kaboni hujikusanya kwa mwendo wa mjini, halafu gari likipelekwa mbio hushika moto na kutoboa. Isipokuwa iwe imefanyiwa kazi na ushahidi upo, tafuta 4.2.

Kompresheni pima injini ikiwa moto, plagi zote sita nje, petroli imekatwa, mguu hadi mwisho wa aksileta. Fundi asikosee hesabu: Jaguar huhesabu silinda ya kwanza nyuma, karibu na kioo. Tofauti baina ya silinda isizidi karibu asilimia 10. Silinda iliyo chini itiwe kijiko cha chai cha oili na ipimwe tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Barabarani

Ondoka kisiwani kwa Makupa, pita Changamwe na Miritini, panda Mazeras. Huko ndiko rejeta hufichuka. Oili ikiwa moto, kwa mizunguko 3,000, geji ionyeshe presha ya karibu paundi 40 kwa inchi ya mraba. Sensa ya dashibodi hudanganya. Sindano ikiwa chini, funga geji yako kabla ya kukata tamaa. Gea boksi ya Borg Warner yenye gea tatu ibadilishe bila kuteleza, na oili yake inuke oili, si kuungua. Ukirudi, kaa kwenye foleni ya Nyali Bridge na AC ikiwaka. AC nyingi za magari haya zilijengwa kwa gesi R12, ambayo huipati tena, kwa hiyo uliza kama imebadilishwa kutumia R134a.

Ndani ya gari angalia ngozi na mbao za wolnati upesi tu. Jua hupasua vanishi, na fundi seremala mzuri anaweza kuirudisha. Lakini inua zulia. Sakafu yenye unyevu chini ya sponji ni kutu inayofanya kazi usiku na mchana. Tairi zenye namba ya wiki na mwaka zaidi ya miaka sita nyuma zihesabu kuwa hazipo, hata kama zina meno.

Mwisho, namba ya chasi na ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe na kulinganishwa na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Injini ilibadilishwa zamani na logbuku haijui? Muuzaji akairekebishe kwanza, ndipo mzungumzie pesa.