Somo: Derivativu ya pili ya simulesheni bila kupata NaN

Wakuu, "nipateje derivativu ya pili bila NaN (jibu la kompyuta la 'hii si namba')?" Swali hili nimelijibu inboksi mpaka nimechoka. Mfano wangu ni simulesheni ya maji ya Mto Msimbazi pale Jangwani, imeandikwa kwa JAX, maktaba ya Python inayokokotoa derivativu yenyewe.

1. Washa namba za biti 64 (usahihi zaidi). JAX huanza na 32.

2. Simulesheni yote iwe fanksheni moja: vigezo vinaingia, namba moja inatoka.

3. Achana na kusogeza x kidogo (kwa h) na kutoa. Derivativu ya pili unagawa kwa h². h ikiwa 10⁻⁸ unagawa kwa 10⁻¹⁶, ukubwa uleule wa kosa la kompyuta la kukata desimali. Takataka.

4. Ita jax.hessian. Inakupa Hessian, jedwali la derivativu zote za pili.

5. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwa fomula ya Manning ya mtiririko wa maji, mfereji mpana hupitisha maji kwa kadiri ya kina kwa kipeo 5/3. Penye ukavu derivativu ya kwanza ni sifuri, safi kabisa. Ya pili ina kipeo −1/3: inalipuka. Seli (kipande cha ramani) moja kavu, Hessian nzima NaN. Nikaweka jnp.where (ya kuchagua kati ya majibu mawili), "pakiwa pakavu rudisha 0". NaN palepale! Kumbe where hukokotoa pande zote mbili, na sifuri mara infiniti ni NaN. Siku mbili nalaumu JAX. Dawa: seli kavu ipe kina cha 1 KWANZA, pandisha kipeo, halafu where nyingine ilitupe jibu lake. Where MBILI.

Maswali yenu na majibu yangu:

Mkuu mbona mimi bado NaN?
Hatua ya 5.

Nimeisoma mkuu.
Una where ngapi?

Moja.
Haya.

Kaka, nikitaka derivativu ya tano? Nipachike grad (fanksheni ya JAX ya derivativu) ndani ya grad?
Swali zuri, dada. Ukipachika, gharama hujizidisha kila ngazi. Beba vikoefishenti vya Taylor (derivativu ya n ikigawanywa kwa n!) pamoja: ukizidisha a na b, cha pili ni a0b2 + a1b1 + a2b0. Kizidishe kwa 2, ndiyo derivativu ya pili. Cha tano kwa 120. Gharama hukua kwa mraba wa daraja tu. Angalia jax.experimental.jet.

Vigezo 10,000, laptopu inaganda.
Hessian hiyo ni namba milioni 100, megabaiti 800. Usiijenge, kokotoa Hessian mara vekta, grad ukiipitisha kwenye jvp (derivativu kuelekea upande mmoja).

Na inachemka balaa.
Iweke juu ya trei la mayai, hewa ipite chini. Yangu inakaa hivyo tangu Februari.