Kihamba kimelala? Using'oe kahawa, kata visiki kwa mafungu

Wadau za saa hizi. Kila Desemba ni yale yale, mabasi yanamwaga watu Moshi, watu wanapanda mlimani na watoto wao, wiki mbili ni ndafu na mbege, na kwenye siku ya tatu hivi mwenye nyumba anazunguka kihamba (shamba la nyumbani la kahawa na migomba) alichoachiwa na baba yake anakuta kahawa zimekuwa msitu, matawi yameshikana, punje nyeusi zimekaukia juu, basi hapo hapo anatoa amri, hizi zote zing'olewe tupande parachichi. Mwaka jana hapa Kibosho nimeisikia hiyo kauli kwenye nyumba tatu. Na Januari mwenye amri anarudi Dar, anabaki shangazi na panga.

Sina ugomvi na parachichi, mwenyewe ninayo mitano pale mpakani. Shida yangu ni hilo neno "zote". Ukiondoa kitu chote kwa mpigo unabaki miaka mitatu huna cha kupeleka sokoni, na mbuni wenye mizizi ya miaka arobaini haujafa hata kama juu unaonekana kama kuni. Chini uko hai. Hilo nililiona nikiwa mdogo, mzee wangu aliporudi vitani.

Wanaokumbuka wanajua. Majeshi ya nduli Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu likawafuata mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini vijana wa mgambo waliochukuliwa huku vijijini hawakurudi siku ile ile. Mzee alifika nyumbani 1980, kakonda, na begi moja. Mama alikuwa peke yake na sisi watoto, ng'ombe mmoja, na kihamba ambacho hakijapogolewa misimu miwili maana nguvu zake zote zilikuwa kwenye shamba la mahindi kule tambarare, watoto wale kwanza. Mfongo wa ukoo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, ulikuwa umejaa tope maana wanaume wa kuuzibua hawapo.

Na hali yenyewe ya biashara wakati ule ndo usiseme. Miaka michache nyuma kahawa ilikuwa imepanda bei sana, baridi kali ya Julai 1975 kule Brazil iliua mibuni mingi, kwa hiyo 1976 na 1977 dunia nzima ilikuwa inaitafuta kahawa. Mzee anaondoka bei ni nzuri, anarudi imeshashuka, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ambayo babu aliijua tangu 1933 haipo, maana vyama vikuu vilivunjwa 1976, Mwalimu ametangaza miezi 18 ya kufunga mkanda, miezi yenyewe ikapita na mkanda haukufunguliwa, sabuni foleni, sukari foleni. Dawa ya kopa kwa ajili ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha punje, ukiipata unaificha uvunguni. Majirani wengi wakaona kahawa ni mzigo, wakaipa mgongo wakahamia nyanya na maharage.

Mzee yeye alichofanya kwanza ni kuhesabu, hakushika panga. Alizunguka na chokaa akapaka kila mbuni, akapata 318. Akaigawa mafungu matatu. Nikamsikia anamwambia mama, tunakata mia na kidogo mwaka huu, yale mafungu mawili yanatulisha, mwakani tunakata lingine. Mama alidhani vita vimemchanganya, maana zile mia alizokata zilibaki visiki vya urefu wa goti. Mwaka wa tatu fungu la kwanza lilikuwa linazaa kuliko mafungu mawili yaliyobaki yakijumlishwa.

Sasa hiyo ndo kazi yenyewe, nieleze taratibu maana hapa ndipo watu wanapoharibu.

Ukate lini. Ukishamaliza kuvuna, kabla masika hayajaanza, yaani huku kwetu Januari mpaka Februari, kisiki kikipata mvua ya Machi kinachipua kwa nguvu. Ukikata Juni unakiingiza kwenye baridi na kiangazi, kinakaa kimenuna. Ukate kwa msumeno, tafadhali sana, panga linapasua gamba na kwenye ule mpasuko ndo kuoza kunaanzia. Urefu ni sentimita 30 mpaka 45 kutoka ardhini, na uso wa kisiki uwe mshazari ili maji yateleze yasisimame. Kama mbuni una mashina mawili matatu, bakiza shina moja kwanza, lile la kupumulia, linalisha mizizi wakati machipukizi yanajitafuta, halafu ulikate mwaka unaofuata.

Baada ya miezi miwili mitatu kisiki kitatoa maotea kama nywele, unaweza kuhesabu ishirini. Hapa mtu anaona huruma anayaacha yote, matokeo yake anapata kichaka kingine. Chagua mawili au matatu yenye afya, yaliyotokea pande tofauti na chini kidogo ya uso wa kisiki, mengine yote ng'oa kwa mkono yakiwa bado laini, na urudie kila yakichipua. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza ukimuonyesha mara moja.

Kosa langu mimi nilifanya 2016. Nilikuwa na haraka, nikakata mibuni yote 90 ya upande wa juu kwa wiki moja, nikajiona mjanja kuliko mzee. Miaka miwili sikuwa na kahawa ya maana, ada ikanibana nikauza ndama. Na zilipoanza kuzaa nikanunua kopa kwenye duka moja la pembejeo, rangi ya bluu safi kabisa, nikapuliza kama kawaida na chulebuni ikala nusu ya punje, ile pakti sijui ilikuwa na nini ndani. Tangu hapo nanunua kupitia chama cha msingi, nadai risiti, naangalia kama pakti ina lakiri na tarehe.

Turudi kwenye pengo. Ukishakata fungu, jua linaingia chini, kwa hiyo ule mwaka wa kwanza panda maharage katikati ya visiki, yanakomaa ndani ya miezi mitatu na yanaongeza naitrojeni kwenye udongo. Usipande mahindi hapo, yanarefuka yanakitia kivuli kisiki na yanakula mbolea kama wageni wa msiba. Mibuni ya wazee wetu ilipandwa futi 9 kwa 9, ambayo ni kama miti 540 kwa eka, nafasi ipo ya kutosha.

Migomba nayo tuiongelee kwa ukweli, maana vihamba vingi havijauawa na kahawa kuzeeka, vimeuawa na migomba kurundikana. Kila shina libaki na mitatu tu, mama, mtoto na mjukuu, mingine kata upe ng'ombe. Ukifanya hivo mkungu wa mshare unakuwa mkubwa, mama anauza Mbuyuni au Kiboriloni pesa ya wiki inapatikana, na kahawa inapata hewa. Miti ya kivuli usiifyeke, mringaringa na mfuruanje babu hakuiacha pale kwa bahati mbaya, punguza matawi tu mwanga upenye, maana kwenye giza na unyevu ndo chulebuni inastarehe.

Halafu ng'ombe. Kisiki bila samadi ni kumkamua mtu damu halafu usimpe chai. Debe moja mpaka mawili kwa kila mbuni kwa mwaka, iwe imeoza vizuri, ichanganye na udongo kuzunguka shina ila isiguse shina. Rundo la samadi lifunike kwa majani ya mgomba, likinyeshewa na kupigwa jua nguvu yote inaondoka unabaki unabeba takataka. Mwenye ng'ombe wawili wa ndani akipanda majani ya gwatemala kwenye kingo za matuta anapunguza safari za kufuata majani tambarare, na nauli ya pikapu ya majani siku hizi inakula maziwa yote.

Dawa nitasema kwa kifupi maana maafisa ugani wapo waulizeni. Chulebuni inashambulia punje changa zinapotanuka, kuanzia kama mwezi mmoja baada ya maua, kwa hiyo ukingoja uone weusi umeshachelewa. Kabla ya bomba anza na mikono, punje zote nyeusi zilizokaukia juu zitoe uzichome, zile ndo stoo ya ugonjwa. Yule mdudu kimatira ukimuona na mgongo wake wenye madoa, jua punje zako zitakuwa na alama, wakiwa wachache wakusanye kwa mkono. Shina likiwa na tundu na unga wa mbao chini yake, huyo ni bungua, mfuate kwa waya ndani ya tundu. Mapengo ambayo mbuni umekufa kabisa weka miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, aina zao mpya zinahimili chulebuni na kutu ya majani, hapo ndo unaokoa pesa ya dawa. Kwa hiyo upya upo, ila unaingia kwa kuziba mapengo, kihamba hakilali njaa.

Kwenye kuuza ndo naona watu wanaumia bure. Umehangaika miaka mitatu halafu siku ya kuchuma unakamua tawi lote, nyekundu na kijani na kavu kwenye ndoo moja. Chuma nyekundu peke yake, rudi baada ya siku kumi chuma tena. Menya siku hiyo hiyo, kabla ya kumenya zitie kwenye maji, zinazoelea ziweke pembeni. Kuvundika ili ute utoke, huku juu kwenye baridi inaweza kuchukua siku mbili hata tatu, usihesabu saa tu, ingiza kijiti kwenye kahawa ukichomoe, tundu likibaki wazi na punje zikikwaruza mkononi kama changarawe, osha. Anika kwenye kichanja, si kwenye turubai chini, unene wa inchi moja, geuza geuza, saa za jua kali funika, usiku funika, mpaka unyevu ufike asilimia 11 hivi. Matunda kilo 5 mpaka 6 yanakupa kilo 1 ya kahawa ya maganda, kwa hiyo ukipeleka debe na ukapewa hesabu isiyoeleweka uliza hapo hapo. Kama chama chenu kina mashine ya pamoja ya kumenya peleka matunda huko, mzigo mmoja wenye ubora mmoja unaheshimika mnadani Moshi, wakati viroba vya majirani ishirini kila kimoja na harufu yake vinashusha bei ya wote.

Mzee alikuwa na daftari la mistari, hata sasa lipo kwenye sanduku. Upande mmoja siku za kazi, nani alipalilia na alilipwa nini au alikunywa mbege ya shilingi ngapi, upande mwingine kilo, malipo ya kwanza, malipo ya pili. Kwenye daftari hilo ndo aligundua kwamba mibuni 60 ya karibu na mfongo ilikuwa inaleta karibu nusu ya kilo zote, akazibua mfongo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Simu yako ina sehemu ya kuandikia, tumia hiyo kama daftari unaona ushamba.

Jambo moja ambalo wataalam hawalisemi kwenye semina. Mzee aliporudi alikuta baba mdogo ameshapanda migomba mistari miwili ndani ya mpaka wetu, na si kwa ubaya, alijua kaka yake huenda harudi. Ilikaribia kuwa kesi. Bibi akawaita wote wawili, isale, lile jani letu la kuombana msamaha, likashikwa, wakasameheana, baba mdogo akavuna mikungu iliyokuwepo halafu mpaka ukarudi. Leo mambo ni hayo hayo ila hakuna vita, kuna Dar na Mwanza, mtu kaondoka miaka 15 na ndugu aliyebaki ndo anapalilia. Sasa ukija Desemba na msumeno wako mpya kaa kwanza na huyo aliyebaki, mkubaliane nani anakata, nani anapuliza, kilo zinagawanywaje, muhtasari wa kikao uandikwe na wazee wasaini. Nimeona visiki vizuri kabisa vikiachwa viote kichaka upya kwa sababu kaka na dada hawaongei.

Msumeno wenyewe wa kupogolea wala si ghali, na unashika vihamba vya ukoo mzima ukiazimana. Wangu nimeshaunoa, fungu langu la tatu lina mibuni 41 na nimeipaka chokaa tayari, naanza wiki ya pili ya Januari. Aliye maeneo ya Kibosho, Uru au Machame na anataka kuona kisiki kinakatwaje kwa macho aje tu, meku wangu, yaani mzee, naye huwa anatoka nje kusimamia hata kama miguu inamsumbua, na akikuona umeshika panga utamsikia.