Mama kaanguka Unguja, wewe uko ng'ambo: la kuuliza, la kupima na la kutengeneza

Simu ikija kwamba mama kaanguka, aliye ng'ambo huuliza kwanza: "Kavunjika?" Swali la haki, ila halitoshi. Katika idara nyingi za dharura za Uingereza siku hizi ipo timu ya udhaifu wa uzee: daktari wa wazee, muuguzi, na wataalamu waandamizi wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku. Hao huuliza mambo matatu zaidi: kaanguka kwa nini, wiki mbili nyuma alikuwa akijifanyia nini mwenyewe, na nyumba anayorudi ikoje. Majibu hayo ndiyo yanayoamua arudi nyumbani leo au alazwe, na akirudi ataishi vipi.

Unguja au Pemba huenda usiikute timu hiyo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuliza na kupima, na mpwa mwenye simu, futi ya fundi cherehani na mashine ya presha anaweza kuifanya wewe ukimwelekeza.

Kabla ya kumwinua

Waambie wasimnyanyue kwapani. Waangalie miguu kwanza. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje, na akilalamika kinena, hiyo ni nyonga iliyovunjika mpaka picha ikatae. Asikandwe na asivutwe mguu, hata na mkandaji anayeaminiwa mtaa mzima. Asafirishwe amelala, juu ya godoro au ubao, si kwa kukalishwa kwenye kiti cha teksi. Na ipo nyonga inayovunjika huku mifupa imeshikana: mtu hutembea nayo hatua chache, ndugu wakasema "hakuna kitu". Maumivu ya kinena kila akikanyaga, hata siku ya nne, yanataka picha.

Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama anazungumza na kucheka. Wasiotumia dawa hizo waangaliwe: kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachozidi kuuma.

Uliza pia alikaa chini muda gani. Aliyelala sakafuni zaidi ya saa moja misuli huweza kuanza kuvunjika na mabaki yake yakaziba figo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, daktari aambiwe bila kuulizwa.

Ikiwa hana jeraha, ainuke kwa nguvu zake. Ageuke ubavu, ajiinue kwa kiwiko, apige magoti manne, atambae mpaka kwenye kiti kizito. Mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, asukume, kisha kiti cha pili kiwekwe nyuma yake akae. Kazi ya jamaa ni kusogeza viti tu. Wakimvuta mikono, bega la mzee hutoka, na mgongo wa mvutaji nao hauponi.

Kaanguka kwa nini

"Kateleza" ni jibu la kila nyumba. Pengine ni kweli, ila pima presha kabla ya kulikubali. Alale dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe dakika ya kwanza, kisha ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huenda presha ndiyo inayomwangusha. Mashine iwe ya kufunga mkononi juu ya kiwiko. Zile za kifundo hudanganya. Akipata kizunguzungu akiwa amesimama, akae, na namba hiyo iandikwe hivyo hivyo.

Halafu dawa zote zimwagwe mezani, za mfukoni na za chini ya mto, zipigwe picha. Wanaoangusha sana ni dawa za presha na za kukojoza zilizoongezwa na kila daktari bila zile za mwanzo kupunguzwa, glibenklamidi inayoshusha sukari kwa asiyekula vizuri, diazepamu ya usingizi na wasiwasi, amitriptilini ya huzuni na maumivu ya neva, tramadoli ya maumivu, na piritoni anayomeza ili alale. Wasiziache wenyewe, picha ipelekwe kwa daktari na swali moja: ipi haihitajiki tena? Mwezi wa Ramadhani swali hilo liulizwe kabla haujaandama, maana saa za kumeza dawa na saa za maji hubadilika pamoja.

Akichanganyikiwa ghafla

Mzee aliyekuwa timamu jana, leo anamwita mwanawe kwa jina la marehemu au analala mchana kutwa: hiyo si "akili ya uzee". Uzee hauji kwa usiku mmoja. Kipimo cha 4AT kinachotumika hospitali nyingi kina alama 12, na kuanzia 4 hushukiwa kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mabadiliko ya ghafla peke yake yana alama 4, na anayeyajua ni anayeishi naye, si daktari aliyemwona sasa hivi. Kwa hiyo dada yako aseme wazi: "Daktari, hivi sivyo alivyo, yameanza juzi."

Vipande vingine vya kipimo vinakwama kwetu. Tarehe ya kuzaliwa wazee wengi hawaijui na hawajawahi kuihitaji. Kuhesabu miezi ya Kizungu kinyumenyume ni mtihani wa skuli. Mwulize ni mfungo wa ngapi, au ahesabu siku kutoka Ijumaa kurudi nyuma. Hapo alama hazihesabiki tena kama za kipimo chenyewe, lakini utaona kama anaweza kushika jambo moja mpaka mwisho. Sababu zitafutwe: maambukizi, mkojo uliobanwa, choo kigumu cha siku nyingi, maumivu, sukari, upungufu wa maji, dawa mpya.

Wiki mbili nyuma

Kiwango cha udhaifu wa uzee kilichotungwa Kanada kina daraja 1 mpaka 9. Daraja la 5 anahitaji msaada wa mambo makubwa kama ununuzi, fedha na dawa. La 6 anasaidiwa kila atokapo nje, na mara nyingi kwenye ngazi na kuoga. La 7 anategemea watu kwa mwili wake wote. Hupimwa kwa hali ya wiki mbili kabla ya kuugua, si kwa anavyoonekana kitandani. Kosa hilo humfanya mtu mzima mwenye homa aandikwe kama aliyekwisha.

Kwetu kuna mtego mwingine: mama hapiki wala haendi Darajani kwa sababu wakwe na wajukuu hawamwachii, si kwa sababu hawezi. Usiulize "nani anapika?" Uliza: anaingia msalani mwenyewe? Anajitawadhisha? Anainuka kutoka kwenye sijda bila kushika kitu? Anapanda ngazi? Hilo la sijda linatupa habari za nguvu za miguu kuliko maswali kumi ya fomu.

Wodini

Unguja hospitali kuu ya rufaa ni Mnazi Mmoja. Pemba kuna Abdalla Mzee pale Mkoani, na hospitali za Chake Chake na Wete. Ikitajwa rufaa ya kuvuka kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mifupa, taasisi yenyewe ni MOI, Muhimbili. Dawa ya maumivu ipewe kabla ya safari ya bahari, wala isisubiri kufika. Nyonga iliyovunjika Uingereza hukusudiwa kupasuliwa siku ile ile au ya pili yake, na mgonjwa husimamishwa kesho yake. Mkiuliza upesi, sababu mnayo: kila siku ya kulala huondoa nguvu za miguu na kukaribisha nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda.

Chagueni msemaji mmoja wa kuzungumza na madaktari. Watoto watano wakipiga simu kutoka nchi tano, muuguzi huishia kumjibu mmoja, naye huwa si yule anayelala wodini. Kabla ya ruhusa, muuguzaji aulize swali hili na jibu liandikwe: "Anaruhusiwa kukanyaga uzito wote, nusu, au asikanyage?" Bila ya jibu, nyumba nzima humlaza wiki sita kwa huruma, na akija kusimamishwa miguu haimbebi.

Ale amekaa kitini. Akiweza kutembea mpaka chooni, apelekwe chooni badala ya kuletewa chombo. "Pumzika mama" ni neno la mapenzi, na ndilo linalotupa kazi kubwa kuliko maradhi yenyewe.

Nyumba

Hapa ndipo pesa ya ng'ambo inapofanya kazi, na ndipo inapopotea zaidi. Usitume kigari cha kutembelea cha magurudumu manne chenye breki. Vijigurudumu vyake vinazama kwenye mchanga wa Makunduchi, na kwenye kizingiti cha Mji Mkongwe vinasimama ghafla, mzee akaendelea mbele peke yake. Fremu nyepesi isiyo na magurudumu, au bakora, inatosha wengi. Mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima na viatu vyake, mikono imening'inia. Bakora ishikwe upande wa pili wa mguu mbovu. Tuma raba za akiba za miguu ya fremu, ukipima kipenyo cha bomba kwa milimita kwanza. Raba ikiliwa mpaka chuma, kwenye sakafu ya saruji yenye maji ni barafu.

Msalani anza na mitalawanda: itolewe, ivaliwe ndara yenye mkanda wa nyuma. Juu ya choo cha kuchutama fundi wa kuchomea atengeneze kiti chenye tundu, miguu minne iliyotanuka, mikono pande mbili. Urefu wake upatikane kwa kumpima mzee mwenyewe: kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti akiwa amekaa na ndara, halafu ongeza sentimita 3 hadi 5. Kiti kifupi ndicho kinachomnasa mtu chooni. Ndoo na kata viwekwe juu ya kitu, usawa wa mkono, asiiname.

Vishikio: bomba la mabati la inchi 1 lina unene wa nje wa kama milimita 34, na kiganja cha mzee kinalizunguka vizuri. Liachwe sentimita 5 hadi 6 kutoka ukutani. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki skrubu za plagi: hung'oka siku mzee anapoegemea kwa uzito wote. Bolti ipite mpaka upande wa pili na ipewe bamba la chuma, au bomba lisimamishwe toka sakafuni hadi dari. Chumvi ya bahari inakula mabati pia, basi rangi irudiwe.

Samadari ya juu, ile ya kupandia kwa kibao, ndiyo adui wa usiku. Akikaa ukingoni nyayo zote mbili ziguse sakafu. Kama hazigusi, miguu ya kitanda ikatwe au alale kitanda kingine. Mazulia madogo na mikeka iliyokunjamana njia ya msalani iondoke. Taa ya sola yenye kuwaka yenyewe gizani ina faida kuliko televisheni mpya, hasa umeme ukikatika. Anayeishi ghorofa za Michenzani apimwe ngazi kabla ya ruhusa: kupanda mguu mzima hutangulia, kushuka mguu mbovu hutangulia.

Nguvu na chakula

Kuinuka kitini na kukaa mara 5, bila mikono akiweza, asubuhi, mchana na jioni. Zikipita sekunde 15 kwa mara hizo 5, miguu ni dhaifu. Kipimo kingine: ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Zikipita sekunde 12, yumo hatarini kuanguka tena. Mpwa arekodi video kila Ijumaa, mlinganishe.

Uji na chai pekee havijengi misuli. Mzee dhaifu mwenye kilo 50 anahitaji kama gramu 60 za protini kwa siku, isipokuwa figo zikiwa mbovu. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo samaki, maharage na maziwa viingie.

Ukiweza kuchagua siku ya tiketi, usiende wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza nyumba imejaa watu na sahani za wageni. Nenda wiki ya tatu hadi ya sita, watu wamesharudi makwao, mazoezi yameanza kuachwa, na dada anayemuuguza hajalala usiku mzima tangu siku ile.