Sabuni ya mafuta ya nazi: mizani kwanza

Sabuni ni mafuta, maji na kostiki soda. Mafuta yakikutana na kostiki huvunjika yakawa sabuni na gliserini, na kostiki yenyewe ikaishia humo humo. Ikizidi, ile ya ziada hubaki ndani ya kipande na kuunguza ngozi. Mara yangu ya kwanza nilipima kwa kikombe, mikono ikanichubuka wiki nzima. Tafadhalini, tafuteni mizani.

Kila mafuta yana kiasi chake. Gramu 100 za mafuta ya nazi hutaka kostiki gramu 18.3, za ufuta, 13.3 hivi. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya.

Leo tunatumia mafuta ya nazi gramu 600, ya ufuta 400, kostiki 155 na maji 310. Hesabu kamili ni kostiki 163. Nimepunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki, ngozi isikauke. Mafuta ya tui uliyopika mwenyewe ni mazuri sana, ila yapike mpaka maji yaishe, la sivyo utakuwa unapima maji ukidhani ni mafuta. Maji nayo yawe ya mvua, kama unayo kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji.

Sasa vyombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini ikatoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua kisichoshika kutu au ndoo ngumu ya plastiki. Vaa glavu na miwani, kaa penye upepo, watoto wasikaribie.

Mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki kamwe: yatachemka ghafla yakurukie. Mchanganyiko utapanda moto sana. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha umimine kwenye mafuta huku ukikoroga. Koroga mpaka uwe kama uji mwepesi, ukidondosha tone alama yake ibaki juu kidogo. Hapo tia kwenye kisanduku ulichotandika karatasi ya plastiki, funika. Kesho yake kata, ukiwa bado na glavu, upange vipande kivulini penye hewa wiki 4 hadi 6.

Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi. Usitie siki. Ikiwa ni jichoni, osha kisha nenda hospitali.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kostiki sina, naweza kutia magadi?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Magadi ni jamaa wa kostiki lakini hayana nguvu ya kuvunja mafuta namna hii. Utapata mafuta yenye chumvi. Majivu pia peke yake ni dhaifu. Wazee waliyachuja maji yake, na yakichanganywa na chokaa huwa makali, lakini sabuni yake ni laini kama uji, haikatiki vipande.

Dada, hapa kwetu Lamu maji ya kisima yana chumvi na sabuni ya dukani haitoi povu. Hii je?

Hii itatoa, na ukiongeza nazi itatoa zaidi. Chumvi huifanya sabuni igande isiyeyuke, lakini asidi ya mafuta ya nazi ina mnyororo mfupi, yaani chembe zake si ndefu kama za mafuta mengine mengi, kwa hiyo sabuni yake huyeyuka hata kwenye maji ya bahari. Ukitaka nazi tupu, gramu 1000 zitie kostiki 146, yaani punguza asilimia 20, kwa sababu sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Nayo huwa ngumu upesi: ikate siku hiyo hiyo, mara ikishashikana.

Nilitia mafuta ya karafuu, ikaganda mkononi. Nimekosea wapi?

Hukukosea kipimo, dada. Karafuu huharakisha mgando. Mafuta ya kunukia yatie mwisho kabisa, kisanduku kiwe tayari pembeni, koroga mara chache umimine.